NYUMBANI KWETU: Waya wa Antena katika Nyumba ya Bati



Katika kota za askari, chombo kinachofuata kitanda na sufuria aghalabu ni redio, na siku hizi televisheni haichelewi kuja nyuma yake. Si jambo la anasa. Mama ambaye mumewe yuko zamu ya mbali hutega sikio kwenye taarifa ya habari kama mkulima anavyolitazama wingu. Watoto nao hupata humo masomo, na baba arudipo hupata burudani iliyo halali na isiyomaliza mshahara. Kwa hiyo swali la kupitisha waya wa antena kutoka nje hadi ndani ni swali la nyumba nzima, wala si la fundi peke yake. Leo tutalieleza kwa utaratibu, kwa kuwa ndani yake mna mambo mawili mazito: uhai wa nyumba, na uhai wa watu walalao ndani yake.

Kwa nini antena itoke nje?

Wako watu wanaoshangaa kwamba redio inayosema kwa sauti safi mlangoni hukoroma mara inapoingizwa ndani. Sababu yake ni bati. Mawimbi ya redio hupenya mbao, majani na udongo mkavu bila taabu kubwa, lakini yakikutana na ubao wa chuma au alumini hurudishwa nyuma. Vile vibanda vya duara vya bati vinavyoitwa uniporti, ambamo askari polisi wengi wa Uganda wameishi miaka mingi, ni mfano wazi: mtu akifunga mlango, ameiweka redio yake ndani ya debe. Hali kadhalika kontena lililogeuzwa ofisi, na vilevile nyumba ya magurudumu, yaani lile gari lenye vitanda na jiko ndani yake ambalo wasafiri wa nchi za mbali hupita nalo katika barabara zetu, ikiwa ubavu wake ni wa bati. Katika zote hizi dawa ni moja, nayo ni kuweka antena nje na kuleta waya ndani.

Televisheni ya siku hizi imeliongezea jambo hili uzito. Kwa mapatano yaliyofanyika Geneva mwaka 2006, nchi za Afrika na Ulaya ziliwekewa tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulinda mitambo ya zamani ya analojia, na tangu hapo matangazo yamehamia dijitali. Zamani mawimbi yakiwa hafifu picha ilikuwa na chenga, lakini ilionekana. Leo yakipungua kidogo picha hukatikakatika vipande, na yakipungua zaidi hutoweka kabisa. Hakuna nusu.

Ukuta kwanza, paa mwisho

Kanuni ya kwanza ya fundi mwenye busara ni kutotoboa kabla ya kutazama. Aghalabu nyumba huwa na tundu tayari: nafasi chini ya upenu, tundu la hewa, pengo la dirisha, au mahali ambapo bomba la zamani liliondolewa. Katika nyumba ya magurudumu upo mlango wa sanduku la mizigo na tundu la kupitishia waya wa umeme wa nje. Ukipata njia ya namna hii, itumie. Ila usiubane waya kwa fremu ya dirisha au kwa mlango. Waya wa antena umejengwa kwa tabaka: shaba katikati, plastiki nyeupe kuizunguka, kisha wavu wa chuma, kisha ganda la nje. Ukibinywa, umbali kati ya shaba na wavu hubadilika, na mawimbi hupotea hapo hapo ingawa ganda halikukatika.

Ikiwa lazima utoboe, chagua ukuta kabla ya paa. Maji ya mvua huteremka ukutani na kwenda zake, lakini juu ya paa hukaa, hutafuta, na hatimaye huingia. Chagua mahali palipo chini ya upenu, upande usiopigwa na mvua ya upepo. Tena pawe karibu na mahali chombo kitakapokaa, maana waya mrefu hula mawimbi. Waya wa kawaida wa televisheni, ule wa omu 75 wenye unene wa milimita 7 hivi, ukifika mita 20 huwa umepoteza karibu nusu ya nguvu iliyotoka kwenye antena. Ule mwembamba wa bei ya chini hupoteza zaidi.

Kabla ya keekee

Mambo matatu yatangulie. Kwanza, omba ruhusa. Kota ni mali ya taifa. Leo unakaa wewe, kesho utapata uhamisho, na familia nyingine italala chini ya tundu uliloliacha. Mkuu wa kambi anayehusika na majengo aelezwe wapi na kwa nini.

Pili, fahamu kilicho ndani ya ukuta. Waya wa umeme aghalabu hupanda au kushuka wima kutoka kwenye soketi na swichi. Basi usitoboe juu wala chini yake. Zima swichi kuu, kisha fanya kazi mchana kwa mwanga wa jua. Katika nyumba ya magurudumu uangalifu uzidi, kwa sababu ubavu wake una ngozi mbili, na katikati hupita nyaya, mabomba ya maji, pengine hata bomba la gesi ya kupikia. Fungua makabati na utazame kwa kurunzi ndipo utie alama.

Tatu, tayarisha vifaa vyote: keekee, tupa ya mviringo, msasa, rangi ya kuzuia kutu, pete ya mpira, vibanio vya waya na dawa ya kuzibia. Si vema kutoboa asubuhi na kwenda kutafuta mpira sokoni wakati wingu limekwisha kutanda.

Namna ya kutoboa

Katika ukuta wa matofali, toboa ukitoka ndani kwenda nje, na keekee iiname kidogo kuelekea chini upande wa nje. Kwa mwinamo huo, tone litakaloingia litarudi lilikotoka. Tundu liwe la kutosha waya tu. Kichwa cha kuunganishia ni kinene kuliko waya, basi kifungwe baada ya waya kupita. Ukikitanguliza utalazimika kutoboa tundu kubwa bure.

Katika bati kuna adui mwingine, nao ni ukingo. Ukingo wa bati lililotobolewa ni wembe. Upepo hutikisa waya usiku na mchana, na katika gari barabara yenye mashimo huutikisa zaidi, hata ganda likatike na wavu uguse bati. Kwa hiyo lainisha ukingo kwa tupa, pangusa vumbi la chuma, paka rangi ya kuzuia kutu na uiache ikauke, kisha ndipo uvike pete ya mpira ambayo waya utapita katikati yake. Usiruhusu shaba tupu iguse bati au alumini mahali penye maji, maana madini mawili yasiyolingana yakikutana katika unyevu, moja huliwa.

Nje ya tundu, usiulete waya moja kwa moja. Uache ushuke chini ya tundu kiasi cha kiganja, kisha upande na kuingia. Maji yanayofuata waya yatafika kwenye mwinamo huo na kudondoka ardhini badala ya kuingia chumbani. Jambo hili halina gharama hata senti moja, nalo ndilo linalosahauliwa mno.

Ikibidi paa

Zipo nyumba ambazo njia nyingine haipo. Hapo, katika bati la migongo, toboa juu ya mgongo, kamwe si katika bonde ambamo maji hupita. Juu ya tundu simamisha bomba fupi lililopinda kama mpini wa mkongojo, mdomo wake ukitazama chini, na waya uingie kwa mdomo huo.

Dawa ya kuzibia nayo ichaguliwe. Silikoni inayonuka siki hula bati lenye zinki; tafuta ile isiyo na asidi. Juu ya paa la nyumba ya magurudumu mafundi wengi huiepuka silikoni kabisa, kwa sababu ikizeeka hakuna dawa nyingine itakayoshika juu ya mabaki yake. Wao huweka utepe mzito wa mpira unaonata chini ya kifuniko, kisha humwaga juu dawa laini ya mapaa ya magari hayo. Dawa yoyote itahitaji mahali safi na pakavu. Kuziba juu ya vumbi ni kujidanganya.

Mwisho wa waya ulioko kwenye antena nao ufungwe kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe. Maji yakiingia hapo hunyonywa na ule wavu kama utambi unyonyavyo mafuta, yakasafiri ndani ya ganda mpaka kwenye chombo. Wengi hulaumu televisheni, kumbe mgonjwa ni waya.

Kila kabla ya msimu wa mvua, mtu apande na kutazama. Tone moja kwa siku halionekani kuwa kitu, lakini bandu bandu huisha gogo. Katika nyumba ya magurudumu ubao uliofichwa kati ya ngozi mbili huoza kimya kimya, na siku ubavu unapobonyea kwa kidole, gharama yake hupita mara nyingi bei ya utepe na dawa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Radi haina mzaha

Sasa tufike kwenye jambo lililo kubwa kuliko yote. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopata radi nyingi sana. Mwezi wa Juni mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 wa shule ya msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo. Mwezi wa Novemba mwaka 2024 iliua watu 14 waliokuwa wamekusanyika kwa ibada katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilayani Lamwo, na wengi wao walikuwa watoto. Hawa hawakuwa na hatia ya kusimika antena. Lakini twajifunza kwao kwamba paa la bati juu ya kichwa si ngao kamili.

Mtu aliye ndani ya gari la bati lililofungwa vizuri hulindwa kiasi kikubwa, kwa kuwa mkondo wa radi hupita katika ngozi ya nje na kuelekea ardhini. Bali waya unaotoka kwenye mlingoti na kuingia ndani huvunja ulinzi huo, maana umeifungulia radi mlango hadi mezani. Kwa sababu hiyo mlingoti wa chuma uunganishwe na ardhi kwa waya mnene wa shaba na fimbo iliyopigiliwa chini, na wavu wa waya wa antena uunganishwe na ardhi hiyo kabla haujaingia nyumbani. Fimbo hiyo nayo iunganishwe na ardhi ya umeme wa nyumba. Kazi hii apewe fundi wa umeme aliyehitimu. Hapa ujuzi wa jirani hautoshi.

Hata hivyo, hakuna fimbo inayozuia kila radi. Wingu likitanda, chomoa waya wa antena na plagi ya umeme mapema, uuweke mwisho wa waya mbali na watu. Mvua ikishaanza kunguruma, usiuguse tena. Heri chombo kiungue kuliko mkono uliokuwa ukikiokoa. Ukiona mwanga, na ngurumo ikafika kabla ya kuhesabu sekunde 30, kila mtu aingie ndani ya jengo imara, akae huko mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Katika kibanda cha bati, watoto wasiegemee ukuta.

Nyaya za umeme zinazopita juu nazo ni hatari iliyo sawa. Mlingoti usimamishwe mbali nazo kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wake pamoja na antena, ili hata ukianguka usizifikie. Mwenye nyumba ya magurudumu auteremshe mlingoti kabla ya kuondoka. Na afunge kitambaa chekundu kwenye usukani kila aupandishapo, kiwe ukumbusho kabla ya kuwasha injini.

Wajibu wa nyumba yote

Baba akiwa kazini, mama ndiye mlinzi wa nyumba. Kwa hiyo yafaa ajue tundu liko wapi, swichi kuu iko wapi, na waya huchomolewa vipi. Wafundisheni watoto wakubwa pia, na wadogo wakatazwe kuchezea waya ulio ukutani. Siku ya uhamisho, ondoeni waya, zibeni tundu kwa saruji au kwa kipande cha bati na dawa, mpake rangi. Familia itakayowafuata haitawajua kwa majina, ila itawajua kwa namna mlivyoiacha nyumba.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kuhifadhi maharage ili yasiliwe na fukusi. Mpaka hapo, twawatakia mapokezi mema na paa lisilovuja.