Ndege ni yako, roho si zako

Ukiwa na ndege yako ndogo Nakuru, mali ni yako, lakini huwezi kuigeuza utakavyo. Ukitaka kutia injini kubwa, propela nyengine, tangi la ziada au magurudumu mapana ya viwanja vya vumbi, lazima kwanza upate idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA.

Haja yenyewe ipo. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Injini ya kawaida ya pistoni hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu iliyo nayo hapa Mombasa. Basi mwenye ndege akitamani injini yenye nguvu zaidi, hana kosa.

Kosa huanza akiruka utaratibu. Kwa Cessna, iliyobuniwa Marekani, njia nyepesi ni kutumia mageuzi ambayo mamlaka ya huko, FAA, imekwisha kuyapitisha, kisha KCAA ihakikishe yanaifaa ndege hiyo. Mageuzi yasiyo na hati hutaka michoro na hesabu za kihandisi tangu mwanzo. Kazi hufanywa na fundi mwenye leseni, uzito na mizani ya ndege hukokotolewa upya, kitabu cha rubani hurekebishwa, na yote huandikwa katika daftari za ndege.

Sisi wa Pwani hili si geni kwetu. Mwenye jahazi akirefusha mlingoti na kuongeza tanga bila kumuuliza fundi, bahari ndiyo itakayomjibu.

Na ajali haimchagui mwenye chombo. Januari 10, 2025, ndege ndogo ya mafunzo ilianguka Kwachocha, Malindi, ikaua watu watatu waliokuwa chini. Sisemi ile ilikuwa imegeuzwa. Nasema waliokufa hawakuwamo ndani yake.

Lakini haki ina pande mbili. Mwenye ndege wa Nakuru au Malindi akingoja jibu la Nairobi bila kujua litakuja lini, kishawishi cha fundi wa usiku humkaribia. Mamlaka isilegeze sharti hata moja la usalama, ila hatua, ada na muda wa kujibu viwe wazi kwa kila mwombaji. Sheria inayoeleweka hufuatwa. Inayokawia huzungukwa, na tunaolipa ni sisi tulio chini.