Fundi, sikiliza kwanza

KENGELE YA JUMAMOSI
Na Hamisi Likwembe

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, nilizinduliwa na mlio wa baiskeli. Ka... ka... ka. Mlio mkavu, kama mtu anayevunja vijiti kimoja kimoja gizani. Nikaujua mara moja. Ilikuwa baiskeli ya jirani yangu, mama muuza vitumbua, ambaye kila siku hupita chini ya dirisha langu na ndoo mbili kwenye keria. Wiki iliyotangulia alikuwa ameipeleka kwa fundi mara tatu. Nilikaa kitandani nikausikiliza mlio ule mpaka ukapotelea njiani, na usingizi haukurudi, maana hasira ilikuwa imeshapanda.

Mnaonisoma tangu zamani mnajua kwamba mji wetu wa Ifakara unakwenda kwa baiskeli. Ardhi ni tambarare, bonde ni pana, na hakuna kitu ambacho hakijawahi kukaa kwenye keria: mpunga, mkaa, samaki, mgonjwa, hata bibi harusi. Wako wanaoniandikia kwamba nimezidi kuandika baiskeli. Nitaendelea kuandika. Baiskeli ya mama yule ndiyo ada ya shule ya watoto wake.

Jioni nikaenda kwake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie habari ya hii baiskeli."

Akanihesabia. Safari ya kwanza fundi alimimina oili chafu ya pikipiki kwenye mnyororo na kila penye tundu, akachukua elfu mbili. Mlio ukanyamaza siku moja. Safari ya pili akasema mnyororo umechoka, akamuuzia mpya kwa elfu kumi. Mlio haukunyamaza hata hiyo siku moja. Safari ya tatu akatikisa kichwa: "Mama, ekseli ya kati imekufa." Akabadilisha ekseli pamoja na gololi zake, elfu kumi na tano. Siku mbili kimya, halafu Jumatatu ile ka... ka... ka. Jumla ni shilingi 27,000. Kitumbua chake kimoja ni shilingi mia. Pigeni hesabu: vitumbua 270, na hapo hamjatoa mchele, mafuta wala kuni.

"Fundi aliipanda?" nikamuuliza. "Aliipanda hata mara moja, akausikia huo mlio?"

Akafikiri. "Hapana baba. Aliipindua tu, kiti chini, akazungusha pedeli kwa mkono."

Nilihisi joto masikioni. Baiskeli iliyopinduliwa haiwezi kulia mlio wa aina ile! Mlio huo ni wa vyuma viwili vilivyobanana, ambavyo vimekauka au vimelegea kidogo sana. Uzito wa mtu ukija, vinashikana, vinashikana, halafu vinateleza unywele mmoja. Ule mtelezo ndio mlio. Ukizungusha kwa mkono hakuna uzito, kwa hiyo hakuna kinachoteleza, na baiskeli inakaa kimya kama mtoto aliyeambiwa mgeni amefika. Tena fremu ni mabomba matupu, nayo husafirisha sauti. Unaweza kuapa kwamba mlio unatoka kwenye pedeli, kumbe ni bolti ya kiti. Nimewahi kufungua gurudumu zima la nyuma kwa sababu ya stendi iliyolegea. Sikio peke yake halitoshi. Lazima baiskeli ipandwe, iulizwe maswali, na swali liwe moja kwa wakati mmoja.

Nikaomba niipande. Nilianza kwa kuiacha iserereke bila kukanyaga. Kimya. Basi si gurudumu, wala njiti, wala keria. Nikanyanyuka kitini nikakanyaga nikiwa nimesimama. Ka. Basi si kiti wala springi zake. Nikahesabu: kila mzunguko mmoja wa pedeli, mlio mmoja, bila kukosa. Kiungo kibovu cha mnyororo hakilii hivyo, kwa sababu mnyororo ni mrefu. Pedeli huzunguka zaidi ya mara mbili kabla mnyororo wenyewe haujamaliza duara lake. Kwa hiyo zile elfu kumi za mnyororo zilikwenda bure, na mtoto wa darasa la nne anayejua kuhesabu mpaka mbili angeweza kuligundua hilo. Kisha nikakanyaga kwa mguu wa kulia tu. Kimya. Wa kushoto tu. Ka.

Zilikuwa zimepita dakika saba tangu nipande.

Ilibaki kujua kama ni pedeli yenyewe au mkono wake. Nikafungua pedeli ya kushoto ya baiskeli yangu, ambayo naiita Bi Mkubwa, nikaifunga kwenye ya mama. Kijana mmoja aliyekuwa akitutazama alishangaa kuona nafungua kwa kuzungusha upande wa kukazia. "Babu, unakaza!" Nikamwambia pedeli ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Zingekuwa za kawaida, kukanyaga kwenyewe kungeifungua polepole mpaka ikuangushe. Akasema alidhani ni kosa la kiwandani. Kosa! Ndugu wawili Orville na Wilbur Wright walikuwa na duka la baiskeli mjini Dayton, Marekani, na mwaka 1900 walikuwa wakizitangaza baiskeli zao kwa pedeli isiyojifungua, ya nyuzi za kushoto. Miaka mitatu baadaye wakarusha ndege, na mapangaboi ya ndege ile yalizungushwa kwa minyororo. Watu waliosikiliza vyuma vya baiskeli kwa makini walipaa angani. Nilimwambia kijana yule akaulize kwa fundi wake kama anajua habari hiyo.

Pedeli yangu ikalia vilevile. Basi ni mkono. Kwenye baiskeli hizi nyeusi, ziwe Phoenix za China au Hero na Avon za India, zote zilizorithi umbo la kale la Uingereza, mkono wa pedeli haukazwi na bolti. Unabanwa na pini moja iliyochongwa upande mmoja kama kabari, inayopita kwenye mkono na kuegemea sehemu bapa ya ekseli. Chuma chake ni laini kuliko cha ekseli, na ndiyo maana pini huumia ekseli ikabaki salama. Nikalegeza nati, nikaigonga ikatoka. Uso wake wa kabari ulikuwa umelika, una ngazi, kama muwa uliotafunwa na panya. Fundi alipobadilisha ekseli alilazimika kuitoa pini ile. Aliishika mkononi. Akaitazama, akairudisha.

Pini mpya mbili, kushoto na kulia, nilizinunua kwa elfu mbili. Nikazipiga tupa taratibu mpaka uso wote ulale bapa kwenye ekseli, nikazielekeza moja mbele moja nyuma ili mikono inyooke. Chini ya mkono nikaegemeza kipande cha bomba kilichosimama ardhini, maana ukigonga bila kuegemeza, nyundo yako inazitoboa vishimo njia za gololi, na hapo kweli ekseli itakufa. Nikagonga kwanza, nati nikakaza baadaye, kwa sababu nati ile ni ya kushikilia tu, haivuti kabari. Jumanne jioni nikagonga tena na kukaza tena, kwa kuwa pini mpya hukaa sawasawa baada ya kuendeshwa. Zaidi ya hapo sikufanya kitu.

Sasa nitasema wazi, na mafundi marafiki zangu wa chini ya mwembe mnivumilie. Anayebadilisha kifaa kabla ya kusikiliza ni muuza vipuri, na mfuko wa spana haumfanyi kuwa fundi. Siku hizi hata zahanati ya kijijini hukutoboa kidole kwanza kabla ya kukupa dawa ya malaria. Kwa nini baiskeli inywe dawa bila kupimwa? Nimekaa chini ya miembe hiyo tangu ujana wangu. Mzee aliyenifundisha kushika spana alikuwa akikutuma uizungushe baiskeli mara tatu kuuzunguka mti huku yeye amefumba macho, halafu anataja bolti. Wanafunzi wa siku hizi wanafundishwa bei kabla ya kufundishwa mlio.

Lakini hasira yangu haiishii kwa fundi, inaingia mpaka ndani ya nyumba zetu. Chanzo ni sisi tunaolipa. Mtu akionyeshwa mnyororo mpya unaong'aa anatoa elfu kumi bila neno. Fundi akimwambia, "Nimeitafuta nusu saa, nikaikuta ni nati, nimeikaza, nipe elfu tatu," mteja anaruka: elfu tatu kwa kukaza nati? Nimeyashuhudia mara nyingi, na walioruka ni watu wazima wenye heshima zao. Tunalipa chuma, hatulipi sikio. Fundi ana watoto, naye ameshajifunza tunacholipia. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, safari ijayo ukikutana na fundi aliyeipanda baiskeli yako, akasikiliza, akakaza nati moja akaacha, mlipe kama aliyekuuzia mnyororo. Na anayeipindua kabla hajakuuliza inalia ukifanya nini, igeuze baiskeli yako, isimamishe kwa magurudumu yake, uondoke.

Alhamisi alfajiri mama alipita dirishani. Nilisikia matairi kwenye mchanga na vifuniko vya ndoo vikigongana, basi.

Mchana wake nikapita kwa fundi yule kumrudishia tupa niliyoazima. Juu ya ubao wake wa vipuri, kati ya njiti na vipande vya mipira ya breki, palikuwa na ekseli ya kati niliyoijua kwa rangi ya kijani iliyodondokea ncha yake siku mama alipopaka fremu. Ilikuwa imefutwa na kupakwa grisi mpya. Nikamuuliza bei.

"Elfu sita, mzee. Hii ni nzima kabisa."