Jiwe la njano si dhahabu, lakini usilitupe kabla ya kupima

Kivuko cha Kamanga kinamtoa mtu Mwanza mjini na kumshusha Sengerema, upande ambao ukanda wa dhahabu unaendelea hadi Geita. Huko, unga wa njano kwenye jiwe unatosha kumfanya mchimbaji mdogo aanze kupiga hesabu za pesa.

Shida ni kwamba si kila njano ni dhahabu. Inaweza kuwa jarosaiti, madini ya salfeti yenye chuma na potasiamu. Hutokea pairaiti, ile "dhahabu ya wajinga", inapopigwa na hewa na maji hadi ikaoza.

Unaijuaje?

Ni laini. Ikwangue kwa kisu, itatoa unga wa njano iliyopauka. Igonge kwa nyundo, itasagika. Dhahabu ingebonyea na kutandazika. Uzito nao hausemi uongo: dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, jarosaiti ni kama mara 3 tu. Ukiosha kwenye karai, dhahabu inabaki chini, jarosaiti inaondoka na maji.

Bei je?

Yenyewe haina soko la maana. Viwanda vya kusafisha zinki huizalisha kama taka. Kwa hiyo anayenunua kiroba cha mawe kwa sababu ya rangi tu, amepigwa.

Ila kuna upande wa pili. Jarosaiti inaonyesha kuwa jiwe lilikuwa na pairaiti, na katika ukanda huu dhahabu mara nyingi hukaa pamoja na pairaiti. Rangi inakuonyesha pa kuchukua sampuli, haikuambii kuna gramu ngapi kwa tani. Jibu hilo linatoka maabara, kama ile ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST) iliyopo Dodoma.

Tangu 2019 dhahabu ina masoko rasmi ya madini, na Geita ilikuwa ya kwanza. Pale inapimwa kabla ya kulipwa. Mawe ghafi yanayouzwa kienyeji shimoni hayana kinga hiyo, na hapo ndipo mtaji wa wengi unapopotelea.

Jambo la mwisho: pairaiti inapooza hutoa pia asidi. Kifusi chenye njano hiyo kikiachwa jirani na kijito, mvua inaweza kuipeleka asidi kwenye maji yanayoelekea Ziwa Victoria. Hasara hiyo haichagui nani mchimbaji na nani mvuvi.