Vidonge vya viini hai si ngao ya tumbo safarini

Kinga ni bora kuliko tiba. Msemo huu ni wa kweli, lakini siku hizi umegeuzwa kuwa mtaji wa biashara. Mwanafunzi aliyepata nafasi ya masomo nchini India, mwalimu anayekwenda kwenye kongamano nchini Misri, au haji anayejiandaa kwa safari ya Makka, yamkini akashauriwa kununua vidonge vya probiotiki ili tumbo lake lisivurugike huko aendako. Hoja yangu ni kuwa ushauri huo hauna msingi wa kutosha, na kwamba shule zetu zina wajibu wa kuwafunza vijana kutofautisha baina ya jambo linalodhaniwa na jambo lililothibitishwa.

Probiotiki ni nini? Mwaka 2001, wataalamu waliokutanishwa na Shirika la Chakula na Kilimo pamoja na Shirika la Afya Duniani walizieleza kuwa ni viini hai ambavyo, mtu akivila kwa kiasi cha kutosha, humletea manufaa ya kiafya. Wazo lenyewe ni kongwe. Mwanasayansi Élie Metchnikoff, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, aliamini kuwa wakulima wa Bulgaria waliishi miaka mingi kwa sababu ya kunywa maziwa yaliyoganda. Inadhaniwa kuwa viini hivyo vyema hushindana na viini vya maradhi utumboni, vikigombea chakula na makao. Dhana hiyo inaingia akilini. Hata hivyo, dhana kuingia akilini si sawa na dhana kuthibitika.

Ugonjwa wenyewe si jambo la mzaha. Aghalabu huletwa na aina za bakteria wa E. koli watoao sumu, ambao humwingia mtu kupitia chakula au maji yaliyochafuliwa kwa kinyesi. Wala tusidhani ni balaa la nchi za wenzetu tu. Uchunguzi uliofanywa miongoni mwa watalii waliozuru Mombasa katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu yao waliharisha. Mgeni huugua ilhali mwenyeji mara nyingi husalimika, kwa kuwa mwili wa mwenyeji umekwisha kuvizoea viini vya kwao. Nasi tukivuka mipaka huwa wageni vilevile.

Je, ushahidi wasemaje? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, wasafiri wapatao 800 kutoka Ufini waliokwenda kusini mwa Uturuki waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa bakteria hai, la pili likapewa unga mtupu usio na dawa. Waliopewa unga mtupu, takriban 46 katika kila 100 waliharisha. Waliopewa bakteria, 41 katika kila 100. Tofauti hiyo ni ndogo mno kumfanya mtu atembee kifua mbele. Tafiti nyingine zilizofuata zimetoa matokeo yanayogongana, na wataalamu wa tiba ya wasafiri walioupima ushahidi wote mwaka 2017 waliona hautoshi kuwawezesha kuvipendekeza vidonge hivyo. Isitoshe, viini hivi ni vya aina nyingi, na sifa ya aina moja haiwezi kuhamishiwa nyingine kwa sababu tu zote zinaitwa probiotiki.

Wapo watakaouliza: maadamu havidhuru, kuna ubaya gani kuvimeza? Ni kweli kuwa kwa mtu mwenye siha nzuri madhara ni nadra, ingawa mgonjwa ambaye kinga ya mwili wake imedhoofika hana budi kumwona daktari kwanza. Lakini dhara kubwa limo katika imani ya uongo. Anayejiona amevaa ngao hulegeza mkono. Hunywa maji asiyoyajua na kula saladi ya njiani. Nao wanaojivunia mursik na maziwa lala wajue kuwa hivyo ni vyakula vyema, lakini si chanjo. Maziwa mabichi yasiyochemshwa yaweza kubeba viini vya ugonjwa wa bruselosisi, na kuyagandisha tu si hakikisho kwamba vimekufa.

Msafiri afanye nini basi? Anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka msalani. Anywe maji yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa vyema, aepuke barafu, ale chakula kingali moto, na matunda ayamenye mwenyewe. Hata akitahadhari hivyo anaweza kuugua, kwa kuwa usafi wa jikoni mwa mkahawa haumo mikononi mwake. Kwa hiyo abebe pakiti za chumvi za kurudisha maji mwilini, ambazo ni bei nafuu kuliko vidonge vinavyosifiwa. Akizikosa, achanganye lita moja ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Akiona damu kwenye choo au akipata homa kali, amwendee daktari bila kuchelewa.

Enyi walimu, hapa pana somo lililo tayari. Waulizeni wanafunzi kwa nini wale Wafini wa kundi la pili walipewa unga mtupu. Kijana atakayelijibu swali hilo sawasawa hatanunua kitu kwa kuvutiwa na maandishi ya kwenye kichupa, awe safarini au nyumbani. Sayansi isiyomwongoza mwanafunzi anapotoa fedha mfukoni ni sayansi ya kukariri kwa ajili ya mtihani tu.