Faili la Mgonjwa ni Amana, Hata Likiwa Ndani ya Kompyuta



Mgonjwa akipewa rufaa kutoka Pemba kuja Mnazi Mmoja, au kutoka hapa kwenda Muhimbili, mara nyingi historia yake husafiri ndani ya bahasha iliyoshikwa na mwanawe. Bahasha ikirowa botini au ikisahauliwa nyumbani, vipimo huanza upya, na pengine hupewa dawa inayomdhuru kwa kuwa daktari hakujua. Kwa hivyo khabari ya kuunganisha mifumo ya hospitali si ya mafundi peke yao. Inamhusu kila mwenye mzazi mwenye sukari au presha.

Kununua kompyuta peke yake hakutoshi, kwani kila mfumo una pishi yake. Mmoja unaandika "presha", mwengine unaandika I10, namba ya maradhi hayo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani. Leo nchi nyingi zinatumia kanuni ziitwazo FHIR, zinazopanga jina, vipimo, dawa na mzio kwa namna ambayo mifumo tofauti itafahamiana. Hapa kwetu safari imeshaanza: kupitia Jamii ni Afya, wahudumu wa kujitolea huingia majumbani na simu na kuandika khabari za waja wazito na watoto.

Je, inafaa siri ya mgonjwa ipitishwe hivi? Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilijadili siri za matibabu huko Bandar Seri Begawan mwaka 1993. Likaamua kuwa siri hiyo ni amana, na asili yake ni kufichwa, isipokuwa pale ambapo dhara ya kuificha ni kubwa kuliko ya kuitoa, au pana maslahi yenye uzito zaidi. Basi tunasema: daktari anayekutibu kupata faili lako kwa ajili ya kukutibu, inafaa. Asiyekutibu kulifungua, haifai.

Na hapa ndipo penye khofu yetu. Januari 2019 Wizara ya Afya ya Singapore, nchi ya kisiwa kama sisi, ilitangaza kuwa khabari za watu 14,200 wenye virusi vya UKIMWI zimevuja mtandaoni. Kwa maelezo ya wizara, mlango haukuvunjwa na mwizi wa mbali. Uvujaji ulihusishwa na daktari aliyekuwa na ruhusa ya kufungua daftari hilo. Visiwani kwetu tunajuana. Anayekaa mbele ya kompyuta huenda akawa shemeji yako, au jirani wa binti anayeposwa. Bahasha husomwa na mmoja; faili lililounganishwa hufunguliwa kutoka kila kituo.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Lakini sheria hiyo, kwa upande wa Zanzibar, haihusu mambo yasiyo ya Muungano, na afya si jambo la Muungano. Kwa hivyo tuwaulize Wawakilishi wetu: kinga ya faili la mgonjwa wa Unguja na Pemba imeandikwa wapi, na adhabu ya anayeivunja ni ipi? Je, mfumo unahifadhi jina la kila aliyefungua faili, na mgonjwa anaweza kuonyeshwa?

Kwa mnaofanya kazi hospitali: kuazimana neno la siri ni khiyana, na kuchungulia faili la mtu usiyemtibu ni katika tajassus iliyokatazwa ndani ya Suratul Hujurat. Kwa familia: msiikimbie mifumo hii, kwani kuokoa nafsi ni katika makusudio ya sharia. Mwambieni daktari ukweli, na ulizeni nani ataiona khabari yenu. Kuuliza si utovu wa adabu. Mwenye amana ana haki ya kujua ilipowekwa.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu na azisitiri aibu zetu. Wallahu aalam.