Kiti cha Kukodi Diani: Baraza au Hoteli?

Miaka hii ya karibuni, msomaji, pwani yetu ya kusini imepata aina ya duka ambalo babu zetu hawakulijua. Haliuzi kanga wala unga. Linauza kiti, meza, stima na intaneti ya kasi. Mtu huja na kompyuta yake kwapani, akalipa kwa siku au kwa mwezi, akaketi kando ya watu asiowajua, akafanya kazi ya tajiri aliyeko Nairobi, Dubai au London. Wenyewe huliita ofisi ya pamoja. Diani imefaa kwa jambo hili kwa kuwa wageni wapo, bahari ipo, na nyaya za intaneti zipitazo chini ya bahari zilifika Mombasa tangu mwaka 2009. Mwaka 2024 serikali nayo ikaanzisha kibali maalumu cha wageni wafanyao kazi za mbali wakiwa nchini.

Swali linalowatoa jasho wenye ofisi hizi ni moja: fedha itoke wapi?

Kwa hesabu ya haraka biashara yaonekana tamu. Tuseme mtu ana viti 20, kila kimoja kwa shilingi 300 kwa siku, na siku za kazi ni 24 kwa mwezi. Vikijaa vyote atapata shilingi 144,000. Lakini ni siku gani vilijaa vyote? Vikiketiwa theluthi tu, ni 48,000. Hapo toa kodi ya nyumba, malipo ya intaneti, betri za kushika stima inapopotea, mlinzi wa usiku, na kijana wa kupokea watu mlangoni. Kitakachobaki ni harufu ya pilau. Nayo masika yakiingia, mwezi wa Aprili na Mei, mgeni haonekani Diani, na mwenye nyumba hataki kusikia habari za mvua.

Si Diani tu. Mmarekani Brad Neuberg, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa fikra hii, alipofungua mahali pake San Francisco mwaka 2005, mwezi wa kwanza hakuja mtu. Ikaja kampuni ya WeWork, iliyoanzishwa New York mwaka 2010. Ilikodi majumba kwa mikataba ya miaka mingi, kisha ikayakodisha kwa watu mezameza, mwezi kwa mwezi. Januari 2019 ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 47. Novemba 2023 ilikuwa mahakamani ikiomba kinga ya muflisi. Ugonjwa wa korona uliizidishia taabu, lakini kasoro ilikuwamo katika mpango wenyewe. Mpangaji wa mwezi huondoka atakapo, na mwenye jumba hudai mpaka mkataba uishe. Yeyote anayetia sahihi ya miaka mitano pale barabara ya Diani Beach, akitegemea Mjerumani wa wiki tatu, na alitazame hilo kwanza.

Nairobi nako kulijaribiwa njia nyingine. iHub, iliyofunguliwa mwaka 2010 kando ya barabara ya Ngong, iliwapokea vijana wengi bila ya malipo, ikasaidiwa na wafadhili wa ng'ambo, ikatafuta na pato lake katika utafiti, mafunzo na mikutano. Ilifanya kazi kubwa, hilo sina ubishi nalo. Lakini fedha ya mfadhili ni maji ya bahari, yana kujaa na yana kupwa. Mwaka 2019 iHub ilinunuliwa na Co-Creation Hub ya Nigeria.

Sasa turudi kwetu. Mimi nasema sisi watu wa pwani tulikuwa na ofisi ya pamoja kabla ya hao wote, na jina lake ni baraza. Pale barazani mizigo iliuzwa, posa zilipelekwa, kesi za mashamba zilisuluhishwa, na mashairi yalijibizana. Hakuna aliyelipa kuketi. Lakini msidanganyike kuwa baraza lilikuwa la bure. Mwenye kahawa alipita na dele lake na vikombe vikilia mkononi, na kila aliyekunywa alitoa senti zake. Kiti kilikuwa chambo; kilichouzwa ni kahawa.

Na wazee waliojenga misikiti waliifahamu siri hiyo kuliko sisi. Mtu hakusimamisha kuta akaondoka. Aliweka wakfu duka, au nyumba, au shamba la minazi, na kodi yake na nazi zake ndizo zilizonunua mikeka na mafuta ya taa. Kenya ina sheria ya kusimamia wakfu tangu mwaka 1900, na Tume ya Wakfu ingali na kazi hiyo mpaka leo. Msikiti haukutozwa mtu mlangoni, wala haukufungwa kwa kukosa mafuta, kwa kuwa kando yake palikuwa na kitu kinachozaa.

Basi mwenye ofisi ya pamoja atafute minazi yake. Mkazi wa Ukunda au Msambweni huenda hana kazi ya London, lakini hana budi kuingia eCitizen, kujaza ritani za KRA, kuomba paspoti, kupiga chapa barua. Maduka ya kompyuta ya mitaani yanaishi kwa hayo hayo, na mteja wake haendi zake mvua ikinyesha. Ukumbi ukodishwe jioni kwa mikutano ya vyama na kamati za harusi. Mahamri na mbaazi ziwepo asubuhi, na mpishi awe mama wa mtaani aliyepangishwa jiko.

Kisha iko bidhaa ambayo hatuiagizi kutoka popote, nayo ni lugha. Mgeni akaaye Diani miezi mitatu hutoka akijua jambo na hakuna matata, kwa sababu hakuna aliyemuuzia zaidi. Fungua darasa la Kiswahili la saa moja jioni, mwalimu alipwe na ofisi ipate fungu lake. Fanya usiku mmoja kwa mwezi wa mashairi na hadithi za Kidigo, kwa tikiti. Nasikia mtu akiuliza kama mgeni atalipa. Mbona hulipa mafunzo ya kupanda mawimbi kwa tiara?

Hayo tisa. Kumi ni baa. Wengi wakishindwa na hesabu ya viti hukimbilia kuuza pombe, wakasema mgeni haji bila ya bia. Hapo ofisi imekuwa hoteli, na bado haitashinda hoteli. Na zaidi, binti mwenye diploma yake, mwenye buibui, ambaye babake angemruhusu kwenda kufanya kazi pale hadi magharibi, hatakanyaga tena. Mwenye ofisi amefukuza mteja wa miezi 12 kwa ajili ya mteja wa miezi mitatu. Nendeni Kaya Kinondo, msitu uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008 pamoja na kaya nyenzake. Mzungu hulipa kuingia, hufungwa kaniki, huambiwa lipi halifai humo, naye hutii. Masharti ya wenyeji hayakumfukuza mgeni. Vivyo hivyo pembe ya kuswalia, maji ya kutawadha na chumba cha wanawake si hasara katika daftari. Ndivyo vitakavyomleta jirani.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, twasema. Lakini bei ikiandikwa kwa dola, mwenyeji ataponea wapi? Kijana wa Mwabungo anayeandikia makampuni ya nje kutoka chumbani kwa mamake, stima ikipotea na kazi yake ikipotea nayo, hawezi bei ya mtalii ya mwezi mzima, ila shilingi 50 za saa moja ataziweza. Na auziwe hiyo saa moja. Kesho ataileta na ya pili, na rafiki yake, na kikombe cha kahawa juu.