Mwali asisuguliwe kwa chumvi



Mwezi uliopita nilivuka kwenda bara, harusi ya mtoto wa kaka yangu huko Mkange, njia ya Saadani. Nilifika siku nne kabla ya nikahi. Mwali nilimkuta chumbani amejitanda kanga mpaka shingoni, na joto lile la mchana! Nikadhani ni haya za uali. Usiku tulipotaka kumpaka liwa akaukunja mkono kifuani. "Shangazi, unauma."

Nilipomfunua nilishtuka. Kutoka begani mpaka karibu na kiwiko ngozi ilikuwa imechubuka, sehemu nyingine inatoa majimaji. Kumbe wiki nzima alikuwa akisuguliwa asubuhi na jioni kwa dodoki na chumvi ya mawe. Kosa lake? Ana vile vipele vidogo vidogo vya mikononi, na somo wake alivitazama akasema ni uchafu uliogandia, mtoto hajui kuoga.

Jamani, si uchafu! Na mtoto anaoga vizuri sana.

Vipele hivi wengi tunavyo. Pitisha kiganja nyuma ya mkono wako wa juu, au mapajani, utahisi kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Madaktari wanaviita keratosisi pilarisi. Ngozi yetu hutengeneza keratini, kitu kilekile kilichofanya kucha na nywele. Kwa baadhi yetu keratini huzidi kwenye vitundu vya vinyweleo, inaganda na kuwa kizibo, na pengine kinyweleo kinajikunja humo ndani. Basi, ni hicho tu. Haviambukizi, havigeuki saratani, na mara nyingi vinarithiwa: mtazame mama au baba utaviona. Huanza utotoni, huzidi wakati wa balehe, na kwa wengi hupungua miaka ikisogea. Vitabu vya magonjwa ya ngozi vinakadiria kwamba zaidi ya nusu ya vijana wa balehe wanavyo. Ngozi ikikauka ndipo vinapokwaruza zaidi.

Sasa chumvi inafanya nini? Kizibo kimekaa ndani ya kitundu, chumvi inachuna ngozi ya juu. Na ngozi nyeusi ikijeruhiwa ina tabia ya kuacha doa, doa hilo linaweza kukaa miezi. Yaani msichana aliyekuwa na vipele ambavyo mpaka umguse ndiyo uvijue, unamgeuza awe na madoa yanayoonekana kutoka barazani.

Lakini kilichonitisha zaidi kilikuwa chini ya mto. Kikopo cha plastiki, hakina jina wala maandishi, ndani krimu ya njano. Shoga yake alimletea kutoka mjini, "kutakatisha." Mkorogo. Mle ndani unaweza kukuta haidrokwinoni, dawa kali za steroidi zinazoifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi ya vitumbua, au zebaki. Zebaki inaharibu figo, na kwa mwenye mimba inamfikia mtoto tumboni. Fikiria, huyu ni bibi harusi, mwakani In shaa Allah atakuwa mama! Dunia imekubaliana kwa Mkataba wa Minamata kuondoa vipodozi vyenye zebaki, na Tanzania Bara vipodozi viko chini ya TBS tangu 2019, lakini kikopo kisicho na lebo hakipiti kwa TBS wala kwa mtu yeyote. Kinapita mkononi kwa shoga.

Nilikitupa chooni, akalia kidogo. Chumvi nikaipeleka jikoni.

Kwa siku zile alipaka mafuta ya mgando tu mpaka vidonda vifunge. Kutibu vipele kwenyewe kunataka subira. Oga maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo kali, kitambaa laini. Kabla hujakauka vizuri paka mafuta yako. Ukitaka zaidi ya hapo, uliza duka la dawa krimu yenye urea asilimia 10 mpaka 20, au losheni yenye asidi ya laktiki, ile asidi inayochachusha maziwa. Hizi hulainisha kizibo taratibu. (Urea ndiyo, jina ni lile la mbolea, lakini tafadhali usiende kuchota kwenye mfuko wa shambani!) Usipake kwenye ngozi iliyochubuka, itachoma. Hesabu wiki kadhaa kabla ya kuona tofauti, na ukiacha vinarudi, kwa hiyo anayekuahidi kuvimaliza kwa siku tatu anakudanganya. Mnaoniuliza kuhusu udhu, mimi hupaka baada ya Isha nikienda kulala, sina mjadala na mtu. Na vikianza kutoa usaha au kuwasha sana, hapo nenda zahanati, huenda ni kitu kingine. KCMC Moshi wanafundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, si lazima tujitibu kwa kubahatisha.

Au usifanye lolote. Ni vipele tu.

Sina ugomvi na masomo wetu. Liwa, singo, udi, asumini, vyote navipenda na mimi nilisingwa nikanukia. Ugomvi wangu ni hilo neno uchafu. Binti wa miaka 21 anaambiwa mwili wake mchafu siku nne kabla ya kuingia kwa mume, atajifunua vipi? Na huyo mume mnayemwogopa, nendeni mkamguse mikono yake ya juu. Wanaume wanavyo kama sisi, na sijasikia bwana harusi aliyefungiwa ndani akasuguliwa na chumvi ya Saadani.

Siku ya harusi mwali alivaa mikono mirefu kama maharusi wote, hakuna aliyejua. Bibi somo alininunia siku mbili nzima, shikamoo yangu akaiitikia kwa pembeni. Siku ya tatu alinifuata uani ninaosha vyombo, akatazama huku na huku, akaniuliza hiyo krimu ya urea inauzwa shilingi ngapi, maana na yeye mapajani anavyo tangu usichana wake.